Hakimu wa Mlolongo na Mchungaji Aliyefunga

Mimi nilichaguliwa kuwa hakimu na mvua. Nasema hivi mapema ili asije mtu akadhani nilisomea, ama niliomba, ama nilizunguka Dundori nikigawa unga. Kazi yangu ilikuwa kusaga mahindi. Nilikuwa na posho mill pale sokoni, yenye baraza pana ya mabati, na wateja wangu walijua kwamba nina hasira za karibu lakini unga wangu hauna mchanga.

Siku hizo mahakama ya Nakuru ilikuwa imezidiwa. Kesi za kuku, za matusi, za mbuzi aliyekula kabichi za jirani, zote zilikuwa zikiteremka mjini na kubanana huko na kesi za watu waliouana. Basi ikaamuliwa kwamba zile kesi ndogondogo za jinai zirudishwe kwetu huku juu, zisikizwe na hakimu aliyechaguliwa na wananchi wenyewe, akisaidiwa na wazee wawili. Pande mbili zikipatana, mimi ninaiandikia mahakama ya mjini na kesi inaondolewa. Zisipopatana, kesi inarudi Nakuru, na mshtakiwa anaenda kuonana na sheria yenyewe, ile yenye pingu.

Chifu akaita mkutano. Wagombea walikuwa wawili: mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akitembea kana kwamba bado anakaguliwa, na mwenyekiti wa wakulima wa viazi. Kila mmoja alisimama kona yake ya uwanja na watu wakaanza kujipanga nyuma yake, kwa maana huku kwetu kura ya siri hatuiamini sana. Tunataka kumwona mtu na mgongo wake. Milolongo ilikuwa haijanyooka vizuri mvua ilipoteremka kutoka upande wa msitu. Mvua ya Dundori haipigi hodi. Watu wote wakakimbilia barazani kwangu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na kwa kuwa siwezi kuvumilia watu wasukumane mbele ya mashine, nikapaza sauti: "Pangeni laini! Mmoja mmoja! Hii si harusi!" Wakapanga laini. Naibu wa chifu alikuwa amejifunika karatasi ya nailoni. Akatazama uwanjani, akaona wagombea wawili wamesimama peke yao wamelowa chapachapa, kisha akatazama upande wangu akaona umati mzima umenyooka nyuma yangu. Akahesabu kwa kidole.

"Mama wa posho mill ameshinda," akatangaza.

Nikamwambia mimi sikugombea kitu. Akanijibu, "Mathe, mlolongo ni mlolongo." Mwanajeshi mstaafu alikubali matokeo papo hapo. Alisema kamanda akigeuka nyuma asione mtu, huyo si kamanda tena, ni mtu anayetembea. Akafanywa mzee wa kwanza wa mahakama. Mzee wa pili alikuwa fundi wa baiskeli ambaye alilala katika kila kikao, kwa hiyo sitamtaja tena. Yule mwenyekiti wa viazi alienda nyumbani na hakunisalimia mpaka mavuno yakapita.

Mume wangu alipopata habari alivua kofia. "Mheshimiwa," akasema, "mahakama itapika saa ngapi?" Nikamwambia mahakama imeahirishwa. Akala mkate.

Tulikaa kila Alhamisi mchana katika darasa la chekechea, watoto wakishaenda nyumbani. Hapakuwa na pahali pengine penye paa na mlango. Viti vilikuwa vya watoto. Mtu mzima akikaa, magoti yanamfika kidevuni, na nimekuja kuamini kwamba mahakama zote zingetumia viti kama hivyo, kwa sababu ni kazi ngumu kusema uongo ukiwa umejikunja namna ile. Ukutani kulikuwa na picha za wanyama, na mashahidi wengi waliapa Biblia mkononi huku wakimtazama twiga.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mluzi. Mkulima mmoja alimshtaki jirani yake kwamba kila asubuhi akipeleka maziwa humpigia mluzi wa matusi. Nikauliza mluzi unatukanaje. Wakasema lazima nisikie. Mshtakiwa akapiga, kwa unyenyekevu kabisa. Mwanajeshi akasema yeye haoni tusi hapo, apige tena. Akapiga tena. Mlalamikaji akasema hapana, mwishoni huwa anaupandisha, akapiga yeye kuonyesha. Katika muda mfupi darasa zima lilikuwa likipiga mluzi, na watu wa nje wakachungulia madirishani wakidhani kuna mazoezi ya kwaya. Nilimkuta mshtakiwa ana hatia kwa sababu wiki hiyo nzima, nikisaga, nilijikuta nikiupiga ule mluzi, na kila nilipofika pale mwishoni nilijisikia nimetukana mtu.

Kitu kigumu katika kazi ya hakimu wa kuchaguliwa ni kwamba wezi nao wanapiga kura, tena wana jamaa wengi. Asubuhi mshtakiwa analeta debe lake la mahindi nimsagie, ananiuliza habari ya watoto, anasifu unga. Mchana amekaa mbele yangu na magoti kidevuni. Jioni shangazi zake watatu wanapita sokoni wakiniambia, "Sisi tuko nyuma yako, Mama Hakimu," na mimi najua wanamaanisha laini.

Lakini tulikuwa na sheria moja ambayo hata mwanajeshi hakuichezea. Kesi haikuisha kwa maneno. Mwenye kosa alileta kondoo, kondoo akachomwa, na kabla ya mtu mwingine kuonja, mlalamikaji na mshtakiwa walikula kipande kimoja, huyu akiuma hapa na yule akiuma pale. Hapo ndipo niliandika barua. Nimeona watu wakiombana msamaha, wakikumbatiana, wakilia, kisha mmoja akakataa nyama, na kabla mwezi haujaisha wakawa wameshikiana mapanga. Mdomo unasema chochote. Lakini ni vigumu kula na mtu unayemchukia, chakula hakishuki.

Basi ikaja kesi ya mchungaji.

Mchungaji alikuwa na kanisa dogo la mabati karibu na njia ya kupanda msituni, ndani ya boma lake mwenyewe. Mshtakiwa alikuwa binti ya marehemu kaka yake, muuguzi, ambaye aliishi katika boma hilohilo tangu baba yake afe. Shtaka lilikuwa kuharibu mali: kwamba alikata waya wa vipaza sauti vya kanisa na kuunguza mashine yake, ambayo waumini waliichangia na kuinunua Bondeni, kule Nakuru mjini, kwa shangwe nyingi.

"Ulikata?" nikamwuliza.

"Nilikata, mathe. Sorry, Mheshimiwa. Na ningekata tena."

Mwanajeshi akaguna. Anapenda mshtakiwa asiyezunguka.

Msichana akaeleza. Alikuwa amesoma Kijerumani mwaka mzima, usiku na mchana, kwa sababu hospitali moja huko Ujerumani ilikuwa tayari kumpa kazi. Ilibaki mtihani mmoja, na aliufanyia nyumbani kwa kompyuta, msimamizi akimtazama kutoka mbali. Sehemu ngumu ilikuwa ya kusikiliza. Aliposhika vidude vya masikioni tu, vipaza sauti vya kanisa vikalipuka.

"Sikio hili Mjerumani ananiambia habari ya treni," akasema. "Sikio hili uncle anaita moto ushuke. Swali likaniuliza, treni imechelewa kwa sababu gani? Nikaandika moto."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema palikuwa na mapumziko mafupi kabla ya sehemu ya pili, akatoka, akachukua panga la kukatia majani ya ng'ombe, akakata waya. Mashine ikatoa moshi. Akarudi, akakaa, akamaliza mtihani.

Nikamgeukia mchungaji. Alikuwa mrefu, mwenye suti ya kijivu, na kwenye kile kiti alionekana kama mwavuli uliokunjwa. Nikamwuliza ni ibada gani hiyo ya katikati ya wiki, saa ambayo hata Mungu anajua watu wako shambani.

"Nilikuwa namwombea yeye," akasema. "Aliniambia mtihani ni saa hiyo. Nikaita waumini wote. Spika moja nikaigeuza iangalie nyumba, ili baraka isipotelee njiani."

Mashine ilipoungua alipandwa na hasira, akateremka kituoni akiwa bado na jasho la maombi, akarudi na askari wawili. Kufika jioni hasira ilikuwa imemwisha. Alirudi kituoni kuomba jambo liishe, akaambiwa limeshaandikwa na faili limeshashuka Nakuru. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo walikuwa wakiishi boma moja, wakipitana mlangoni, na msichana akimwita "mlalamikaji."

Matokeo yalipotoka, alikuwa amepita. Hili ndilo lililoharibu kila kitu. Mchungaji alisema amepita kwa sababu ya maombi. Msichana alisema amepita kwa sababu aliyakata. Waumini walikuwa wamejaa upande wa dirisha, wauguzi wenzake na majirani upande wa mlango, na wote walitaka mahakama iamue. Kama ni maombi, basi huyu ni mtoto asiye na shukrani. Kama ni panga, basi panga lilikuwa na haki yake. Mwanajeshi akainua mkono, akapendekeza wanaounga maombi wapange laini nyuma ya mchungaji na wanaounga panga nyuma ya msichana.

"Hapana laini hapa!" nikamfokea. "Laini imenitosha!"

Nikatoa uamuzi. Nilisema mahakama yangu haina uwezo wa kugawanya maksi kati ya Mungu na panga. Mchungaji alikosa kwa kumwelekezea mtu baraka bila kumwuliza. Msichana alikosa kwa kukata kitu cha watu wote. Aseme pole, alete kondoo, wale pamoja Jumamosi, niandike barua, na Jumatatu kesi ikitajwa Nakuru iondolewe. Ilikuwa lazima iwe Jumatatu hiyo. Ile hospitali ilimtaka apeleke cheti cha polisi cha tabia njema kabla ya mwisho wa mwezi, na mtu mwenye kesi mahakamani hapewi cheti safi. Jumatatu ikipita, kesi inaanza kusikizwa, na kesi za Nakuru zikianza zinazeeka na watu wake. Kazi angepewa muuguzi mwingine.

"Pole," msichana akasema, kama mtu anayetema mbegu ya limau.

"Nimesamehe," mchungaji akasema. "Nilisamehe siku ileile. Lakini nyama siwezi kula."

Nikamwuliza kama ni meno.

"Nimefunga. Siku arobaini, maji peke yake. Bado wiki tatu."

"Nani alikutuma ufunge sasa?"

Akakohoa. "Nilimwahidi Mungu. Nilisema, huyu mtoto akipita huo mtihani, nitafunga siku arobaini za shukrani. Akapita."

Nilihitaji kulisema polepole ili nilisikie mwenyewe. "Kwa hiyo usipokula Jumamosi, hii kazi ataikosa."

"Ndiyo, Mama Hakimu."

"Na huli kwa sababu alifaulu kuipata."

"Ndiyo."

Nilitamani kumpiga kiti. Ningempiga, nakwambia kweli, kama viti vyenyewe vingekuwa na uzito. Msichana alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Kumbe hakujua habari ya nadhiri. Alidhani mlalamikaji amekonda kwa chuki.

"Si uandike tu barua, Mheshimiwa?" akaniambia kupitia vidole. "Nani atajua kama alikula?"

Nikamwambia nitajua mimi. Nilikuwa nimechaguliwa kwa upuuzi, ndiyo maana sikutaka kufanya kazi kipuuzi. Nikianza kuandika kwamba watu wamekula na hawakula, kesho nitaandika kwamba mtu ameiba na hakuiba.

Basi tukaanza kutafuta njia, na hapo mahakama yangu ikawa shule ya vichaa. Muumini mmoja akauliza kama supu ni chakula ama ni maji. Mchungaji akasema ni chakula, amewahi kuhubiri jambo hilo. Mwingine akauliza habari ya kulamba. Wakabishana kama kulamba ni kula kama ulimi haukumeza. Mtu wa dirishani akasema ng'ombe hula mara mbili, na sijajua hadi leo alikuwa akielekea wapi. Kisha mwanajeshi akasimama wima, mikono mapajani.

"Mheshimiwa, Biblia inasema mke na mume ni mwili mmoja. Mke wa mchungaji yuko hapa. Mama ale kwa niaba. Akila yeye, mchungaji amekula."

Palikuwa na minong'ono ya kukubali. Hata mimi niliona mwanga. Mke wa mchungaji, mwanamke mpole aliyekaa chini ya picha ya kiboko, akasema yeye hana neno, atakula.

Mchungaji akatikisa kichwa. "Kama akila yeye nimekula mimi, basi nimevunja mfungo."

"Jana mama alikula nini?" mwanajeshi akauliza.

"Githeri," mama akajibu.

"Na asubuhi?"

"Chai na ngwaci, viazi vitamu vya shamba."

"Basi mchungaji," mwanajeshi akasema kwa huzuni ya kweli, "wewe umekuwa ukila tangu siku ya kwanza."

Kicheko kilichotoka hapo kilimwamsha hata yule ambaye nilisema sitamtaja. Mchungaji akasimama kwa ghadhabu, lakini kiti kilikuwa kimemshika kiunoni, kikainuka naye. Akatembea nacho mpaka mlangoni, mke wake akikimbia nyuma akijaribu kukivuta, na watu wakazidi kucheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Kilianguka nje, kwenye nyasi. Hakugeuka.

Mimi sikucheka, si kwa sababu mimi ni mwema, ila nilikuwa nimekasirika mno. Nilifukuza kila mtu. Aliyebaki ni msichana, akiokota viti na kuvipanga ukutani kama walivyovipanga watoto.

"Unajua lile kanisa lina ukuta mmoja wa nailoni?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeuona. Pande tatu mabati, upande wa nne nailoni nyeusi inayopigapiga kukiwa na upepo. Tulikuwa tukimcheka mchungaji kwa ajili yake. Tulisema roho mtakatifu ameachiwa dirisha.

"Mbao na mabati ya huo upande yalikuwa tayari," akasema. "Yalikuwa yamelala kwa boma. Nikaitwa chuo cha uuguzi, akayauza. Huo ukuta ni mimi, Mama Hakimu. Kila Sunday watu wake wananyeshewa, na ni mimi."

Nikamwambia basi aende amwombe ale. Kwa nini ananiambia mimi?

"Siwezi kumwomba. Akikula kwa sababu yangu atajichukia. Anamjua Mungu wake vile mimi najua damu na sindano, hachezi naye. Na asipokula, mimi nitamchukia. Nitajaribu nisimchukie lakini nitamchukia, najijua." Alikuwa akilia sasa, bila kujificha. "Ningefeli tu. Ningefeli tungekuwa sawa."

Nilimshika mkono, ukiwa na chaki ya watoto.

Jumamosi tulipanda hadi kwao. Kondoo alikuwa amechomwa na mwanajeshi mwenyewe, aliyekuja na visu vyake na hakumwongelesha mtu. Nadhani aliona aibu, ingawa jeshini hawaiiti hivyo. Watu walikuwa wengi bomani lakini sauti zilikuwa chini. Hapakuwa na aliyejua kama mchungaji atatoka nyumbani. Mke wake alikuwa amekaribisha kila mtu kwa mkono, akisema tu, "Karibuni, karibuni," kama matangani.

Akatoka. Suti ileile ya kijivu, Biblia kwapani, kola ya shati imekuwa pana kwa shingo. Kwa mara ya kwanza nilimwona vizuri jinsi alivyokonda. Akakaa kwenye benchi mbele ya sinia. Msichana akakaa upande wa pili, macho chini. Kipande kilikuwa kimoja, cha ubavu, na mke wa mchungaji alikuwa ameomba kichemshwe kwanza kiwe laini, kwa tumbo lililokaa na maji tu. Mama alikuwa amefikiria kila kitu bila kujua kama kitatumika.

"Mchungaji," nikasema, "mahakama haikulazimishi. Nikishuka hapa bila barua nitashuka bila barua."

"Ninajua." Akaweka Biblia chini, juu ya kitambaa. "Nina swali moja, Mama Hakimu. Mimi na huyu mtoto tukikosana, kuna wewe, kuna kondoo, tunapatana. Sasa nikivunja neno langu na Mungu, nani atakaa katikati yetu? Tutakula nini, mimi na yeye?"

Hakuwa akifanya mzaha. Watu wote walinitazama, na mimi nilitafuta mwanajeshi kwa macho, lakini alikuwa akitazama moto. Mimi ni mtu wa kusaga mahindi. Kanisani nakaa nyuma karibu na mlango ili nitoke mapema.

"Hiyo kesi iko juu ya uwezo wangu," nikamwambia. "Lakini kama ingeletwa kwangu, kabla ya kusikiza neno lolote ningemwuliza mlalamikaji huyo wa mbinguni kama yeye ana mtoto."

Mchungaji akafumba macho, na midomo yake ikasema kitu ambacho hakikuwa cha masikio yetu. Alipoyafumbua alikichukua kile kipande, akauma. Alitafuna polepole sana, machozi yakiteremka hadi kwenye nyama yenyewe, na hapakuwa na mtu aliyetikisika pale bomani, hata mbwa. Akameza. Akamnyooshea msichana. Msichana akauma palepale alipouma yeye, si upande wa pili kama ilivyo desturi, na mimi sikumsahihisha.

Niliandika barua juu ya goti langu, nikaikunja, nikampa msichana. Akaishika bila kuitazama.

"Haya," mchungaji akamwambia, akijifuta uso kwa kiganja. "Sasa unaweza kwenda."

Msichana akasema ndiyo, amesikia. Lakini hakuondoka. Alizunguka lile sinia, akakaa kwenye benchi kando ya baba yake mdogo, bega kwa bega, na alikuwa bado amekaa hapo nyama yote ilipokwisha.